Sentensi yenye herufi zote za Kiswahili

Ndugu muulizaji, umeomba sentensi yenye herufi zote ili wanafunzi wako wazoee kuchapa. Ile ya Waingereza, ya mbweha anayemruka mbwa mvivu, haikufai sana, kwani Q na X hazimo katika alfabeti yetu, na C hutumika ndani ya CH tu. Anza na herufi adimu, kisha utafute maneno yanayozibeba, kama nilivyofanya hapa: “Juzi mvuvi wa Pemba alirudi nyumbani kwake na ngisi, tafi na changu mmoja.” Zimo zote 24, ukimnyang’anya mvuvi huyo tafi wake (samaki mtamu, lakini miiba yake!), utapoteza F na T kwa pamoja. Q na X wafundishe kando, maana kibodi inazo.