Diski ya nje inayolia tik-tik: angalia umeme kwanza

Ndugu yangu wa Masasi, pole. Umesema diski inawasha taa, inalia tik-tik, kisha inapotea kwenye laptopu, na fundi kakwambia imekufa. Usiitupe bado.

Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia (kipimo cha mkondo wa umeme) 500 tu. La USB 3.0, ambalo mara nyingi lina plastiki ya bluu ndani, hutoa 900. Sasa diski ya inchi 2.5, ile ndogo ya kubeba mkononi, hula umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka kuliko ikishatulia, na hapo ndipo inapokwama. Waya nao huchangia: ukiwa mrefu na mwembamba, umeme hupungua njiani. Yangu hapa Mikindani iliamka nilipoweka waya mfupi, wa shibiri moja hivi.

Chomeka kwenye laptopu yenyewe, ikiwa kwenye chaji. Ikigoma, tafuta habu, yaani kifaa cha kuongeza matundu ya USB, yenye adapta yake ya ukutani. Kompyuta ikikuuliza kama uifomati, yaani kuifuta na kuiandaa upya, kataa kabisa! Na ikiendelea kugonga hata kwenye habu hiyo, ichomoe, usiilazimishe. Picha za marehemu baba ulizozitaja zinahitaji mtu wa kuokoa data.