Pistoni ya nne ni ya nini?

SWALI: Jambo yaya mhariri. Mimi ni kijana wa Kadutu, hapa Bukavu, napiga tarumbeta kwenye fanfari ya kanisa, huu mwaka wa tatu. Juzi rafiki kanionyesha kwenye simu video ya Ibrahim Maalouf, nikaona tarumbeta yake iko na pistoni nne (vile vifungo vya kubonyeza), yangu iko na tatu. Ile ya nne ni ya nini? Na kuna fundi anasema ataniongezea moja, nimpe?

JIBU: Jambo mdogo wangu. Huyo fundi usimpe tarumbeta yako, tafadhali sana, bomba likikatwa vibaya ndio basi.

Sasa hiyo ya nne. Pistoni ya katikati si unajua inashusha nusu toni, basi ile ya nne inashusha nusu ya hiyo nusu, yaani robo toni, zile sauti zinazokaa katikati ya mi na mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu toni), na muziki wa Kiarabu umejaa hizo. Tarumbeta ya kawaida haina pa kuziweka. Aliyeifikiria ni baba yake Ibrahim, Nassim Maalouf, Mlebanoni aliyesoma Ufaransa kwa Maurice André, mpiga tarumbeta Mfaransa, akaitengenezesha miaka ya 1960. Ibrahim kazaliwa Beirut 1980 wakati wa vita, familia ikakimbilia Ufaransa, na akiwa na miaka 7 baba akaanza kumfundisha. Mimi hapo ndio naguswa kabisa, watu wanakimbia vita lakini sauti ya kwao wanaenda nayo, iko ndani ya chombo.

Alianza na klasiki, akina Bach, ndio akaingia jazi, albamu ya kwanza Diasporas ikatoka 2007. Mwaka 2015 akachukua Alf Leila wa Leila, wimbo wa Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, akaipanga kijazi ikawa albamu nzima, Kalthoum, anza na hiyo. 2017 akapata César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, kwa muziki wa filamu, 2022 akatoa Queen of Sheba na Angélique Kidjo, mwimbaji wa Benin.

Na robo toni unaweza kuijaribu hata na hiyo yako. Piga sol ya katikati, ile ya bila kubonyeza kitu. Halafu ipige tena na pistoni ya 1 na ya 3 pamoja, ni sol ileile, ila sasa unapuliza huku unavuta kulisi ya tatu (kile kibomba cha kuvuta cha pistoni ya 3) polepole, utasikia inashuka, kabla haijafika fa diyezi, nusu toni chini ya sol, simama. Hapo hapo. Midomo itataka kuirudisha juu, usiiachie. Kama kulisi imekauka haitoki, ipake mafuta kidogo kwanza, usiilazimishe.