Mkanda haujafa: majibu ya maswali yenu kuhusu kamera za filamu

Wiki hii nimeweka pembeni maswali ya picha za harusi na ya kamera mpya ili niwajibu wanaouliza kuhusu kamera za mkanda. Wamekuwa wengi, na kati yao wamo vijana ambao mkanda hawajawahi kuushika.

Simu yangu inatoa picha safi kuliko kamera yoyote ya zamani. Kwa nini mtu ahangaike na mkanda? (Mwanafunzi, Morogoro)

Kwa usafi, simu yako imeshinda, sibishani. Ila ishike sasa hivi unitafutie picha ya Idi au Krismasi ya miaka mitano iliyopita. Kwa wengi wetu, simu ile iliibwa au iliingia maji, au picha yenyewe imezama katikati ya nyingine elfu kumi.

Mkanda wa milimita 35 kwa kawaida una picha 36 tu. Ukijua zimebaki nne, huinui kamera ovyo. Unasogea, unasubiri bibi amalize kujitanda khanga yake, unatazama mwanga wa dirishani unamwangukia wapi, ndipo unabonyeza. Na kwa kuwa nyuma ya kamera hakuna kioo cha kukuonyesha picha uliyopiga, macho yako yanabaki kwa bibi. Vijana wanaokuja kwangu wananiambia hicho ndicho walichokikosa kwenye simu. Mimi naongeza kimoja: unabaki na negativu, yaani mkanda wenyewe wenye picha iliyogeuzwa, cheusi kikiwa cheupe, kitu cha kushika mkononi.

Shikamoo mzee. Baba ameniachia Pentax K1000. Nitajuaje kama ni nzima? (Kijana, Tanga)

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Baba amekuachia kamera ya kazi. Zilitengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, na mitambo yake haitegemei umeme. Betri ndogo iliyo chini ni ya kipima mwanga peke yake. Kwa hiyo hata betri ikiwa imekufa, kamera bado inapiga.

Fungua mgongo ikiwa haina mkanda, ielekeze dirishani, kisha bonyeza kwa kasi tofauti ukichungulia kwa nyuma. Kwenye sekunde 1 pazia la ndani linaloruhusu mwanga likae wazi sekunde nzima, kwenye 1/1000 uone mmweko tu. Halafu kagua lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huyo ni kuvu, na sisi wa pwani tunamjua vizuri. Gusa pia sifongo nyeusi za kuzunguka mgongo. Zikinata kama lami, zibadilishwe, la sivyo mwanga utapenya na mkanda utaungua.

Nimekuta mkanda wa rangi wa miaka ya 90 umeshapigwa lakini haukusafishwa, yaani haukutiwa dawa ili picha zitokee. Umekufa? (Mama, Nakuru)

Huenda bado una picha. Usiufungue kwa namna yoyote. Rangi zitakuwa zimefifia na kugeuka, lakini mara nyingi sura za watu hupatikana, hasa ukisafishwa kwa dawa za nyeusi na nyeupe. Tafuta fundi aliyewahi kusafisha mikanda mikongwe, umweleze umri wake kabla hujaukabidhi. Mimi niliwahi kuacha mkanda kwa mtu bila kusema neno, akausafisha kama wa jana, nikarudishiwa plastiki tupu. Walikuwemo wajomba zangu wawili ambao hawapo tena.

Je, naweza kusafisha mwenyewe nyumbani? (Kaka, Temeke)

Wa nyeusi na nyeupe, ndiyo, tena jikoni kwako. Unahitaji giza totoro kwa dakika chache tu za kuuingiza mkanda kwenye tangi lisilopitisha mwanga. Usiku, chumba kisicho na dirisha na blanketi chini ya mlango vinatosha. Tangi likishafungwa, washa taa uendelee. Dawa ya kwanza inatoa picha, ya pili inasimamisha, ya tatu inakaza. Kisha maji mengi.

Adui yako Temeke ni joto. Chukua mkanda wa nyeusi na nyeupe wa HP5 Plus wa Ilford: kwa dawa ya kwanza iitwayo ID-11, isiyozimuliwa, unasafishwa dakika 7 na nusu kwenye nyuzijoto 20. Maji ya bomba letu yanakaribia 30. Mkanda wangu wa kwanza niliusafisha kwa maji hayo bila kipimajoto, ukatoka mweusi tii kama kaniki. Siku hizi naweka chupa za dawa ndani ya beseni la maji ya barafu, namsubiri kipimajoto ashuke, ndipo naanza kuhesabu. Barafu isiingie kwenye dawa yenyewe, itaizimua. Ukishindwa kufika 20, zipo jedwali za kupunguza muda, ila ukishuka chini ya dakika 5 picha huanza kutoka na mabaka.

Maliza kwa kuutundika bafuni kwa vibanio vya nguo, pasipo vumbi. Na dawa ya kukaza iliyotumika ina fedha ndani yake, usiimwage karibu na kisima.

Mikanda bado inatengenezwa kweli? (Msomaji, Dodoma)

Inatengenezwa. Kodak waliomba kulindwa na mahakama dhidi ya wadai wao mwaka 2012, mwaka huohuo wakaacha kutengeneza mkanda wao wa rangi wa Ektachrome, kisha mwaka 2018 wakairudisha. Mwaka 2024 Pentax wakatoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17, inayogawa kila picha nusu, hivyo mkanda wa 36 unatoa 72.

Nasafiri kwa ndege na mikanda sita. Mashine za ukaguzi? (Dada, Muscat)

Usiiweke kamwe kwenye begi la kupakiwa chini. Beba mkononi kwenye mfuko unaoona ndani na uombe kwa adabu ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za CT, zinazopiga eksirei mzigo kutoka pande zote, zinaiharibu.

Tuna boksi la negativu za marehemu babu. Ndugu wanataka kulitupa. (Msomaji, Unguja)

Nakuomba, lichukue leo. Studio ya Capital Art ya Mji Mkongwe, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, imetuonyesha uzito wa picha zilizotunzwa.

Mama yangu alifariki kabla hajatoka mvi. Siku nilipoinua negativu yake dirishani, nywele zilikuwa nyeupe pee, na kwa mara ya kwanza nikamwona jinsi ambavyo angezeeka. Kwenye karatasi picha hiyo haipo.

Shika kingo tu, mikono ikiwa mikavu. Weka kila kipande kwenye bahasha yake ya karatasi, andika kwa penseli jina na mwaka kwa kumuuliza bibi angali anakumbuka, kisha funga kwenye kopo pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kopo likae kabatini, mbali na ukuta unaotota masika.