Usizikate kwanza, dada

Dada, umeuliza ukate nywele zako ndefu zinazotimka uanze kushonea wivingi (nywele za bandia), au uvumilie. Mimi wa hapa Moshi nilikata, nikajuta. Kumbe wivingi haihitaji ukate: unasukwa mistari, inashonewa juu, zako zinabaki chini.

Mara nyingi zinatimka kwa ukavu. Zichane zikiwa zimelowa, na kondishena, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kurudi kwenye shina. Paka mafuta ya nazi kidogo, funga mabutu manne, ulale na kitambaa cha satini. Foronya ya pamba inanyonya mafuta.

Ukishonea, msusi akikaza mpaka nyusi zinapanda (wengine ndiyo sifa yao!), mwambie afumue. Zangu za kwenye paji la uso zilinyonyoka hivyo, na hazijarudi zote.