Mbuyu ni Mizani Tatu, Mbuzi ni Mbili

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimetunga tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, ambayo mshororo wake wa kwanza unasema: "Mgeni alipofika, penye mbuyu akaketi." Nimehesabu mizani (silabi) 8 kila kipande, lakini mtunzi mwenzangu anashikilia kwamba utao, yaani kipande cha pili, umezidi. Umezidi wapi? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Umezidi kwenye mbuyu, ndugu yangu. Bila shaka umeuhesabu kama mbuzi, kwa kuwa yote mawili huanza na herufi zile zile. Ila mizani hupimwa kwa sikio, nalo jicho mara nyingi hudanganya. Katika "mbuzi", m na b hutamkwa kwa pamoja, mbu-zi, hivyo tunapata mizani mbili. Katika "mbuyu", m ni kiambishi cha ngeli, ndiyo maana wingi wake ni mibuyu, nayo husimama peke yake: m-bu-yu. Hesabu tena: pe-nye-m-bu-yu-a-ka-ke-ti, zimefika 9. Ukwapi wako, yaani kipande cha kwanza, hauna kasoro, maana m ya "mgeni" umeipa haki yake.

Jihadhari pia na maneno mafupi kama mbwa, nchi na nta. Hayo hayana kiambishi kinachobadilika katika wingi, lakini kwa vile shina lina silabi moja tu, mkazo huangukia m au n, na kila neno huhesabiwa mizani mbili.

Namna ya kuurekebisha? Watunzi wengi wangetumia inkisari, yaani kulifupisha neno, wakaandika "penye mbuyu kaketi", na hakuna ambaye angewalaumu. Kinyume chake ni mazida, kama "enenda" badala ya "nenda". Tabdila, kama "sikiya" badala ya "sikia", hugeuza sauti kwa ajili ya kina (silabi ya mwisho wa kipande inayofanana na nyenzake) bila kugusa hesabu. Hata hivyo, mimi huona kwamba ruhusa hizi zitumike pale tu sarufi ya kawaida inaposhindwa, na hapa haijashindwa. Andika "mbuyuni akaketi": m-bu-yu-ni-a-ka-ke-ti. Mizani ni 8, kina cha "ti" kimebaki mahali pake, na wala usihofu kwamba msomaji atadhani mgeni amepanda juu ya mti, kwani vitongoji vinavyoitwa Mbuyuni ni vingi na wakazi wake wote wanaishi chini.