Vipimo vya zamani kwenye daftari la fundi

Fundi wangu wa cherehani ana daftari la mistari ambalo jalada lake limeshachoka na kona zimejikunja. Humo ndani tumo wanawake wa mtaa wetu wote hapa Tabata: kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu wa gauni. Ukurasa wangu una tarehe ya 2012. Kifua 36, kiuno 29, nyonga 40. Mwaka juzi nilipompelekea kitenge cha sendofu ya mtoto wa wifi yangu, alivuta futi kutoka shingoni akasogea kunipima. Nikamwambia, "Aa, fundi, usijisumbue, vipimo vyangu si unavyo?" Akanitazama kidogo. Fundi wa miaka mingi habishani na mteja. "Sawa mama," akasema, akairudisha futi shingoni.

Saa kumi jioni siku ya shughuli niko chumbani, binti yangu amepiga goti kitandani anavuta zipu, mimi nimeshika mlango wa kabati nimebana pumzi, na baba watoto yuko nje anapiga honi. Zipu ilipanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma. Tukavuta tena. Tukasikia *tra*. Niliingia ukumbini nimejitanda mtandio mgongoni, kwenye joto la Dar la Desemba, na muziki ulipokolea nikakataa kunyanyuka. Kila aliyeniuliza nilimwambia miguu inaniuma.

Fundi hakuwa na kosa. Nilikuwa na miaka 49, nilijua fika mwili umebadilika, ila sikutaka ubadilike kwenye daftari. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, na mwenye haraka anaweza kuishia hapa: nenda kapimwe upya. Kapimwe umevaa sidiria utakayovaa na hilo gauni, usibane tumbo, na usimwombe fundi apunguze inchi mbili "maana mwezi ujao naanza mazoezi". Mimi sasa nasoma 41, 36, 44. Siku namba zile zilipoandikwa nilijisikia vibaya kwa dakika kama kumi hivi, halafu nikashonewa gauni lililonikaa, nikasahau.

Tena usidhani ni uzembe wa kula. Homoni ya estrojeni inapoanza kushuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na makalioni yanahamia tumboni. Unaweza kupanda mzani ukakuta kilo zilezile za mwaka jana, na sketi bado ikakataa kufunga. Mimi nilihangaika na chai ya tangawizi na ndimu miezi mitatu, nikapata kiungulia.

Ukishapimwa, kuna mambo mawili matatu ya kumwambia fundi. Kwanza, akuachie kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni, upana wa vidole viwili. Mafundi wengi wanakata karibu na mshono ili nguo ionekane safi kwa ndani, lakini umri huu mwili unapanda na kushuka kama bei ya nyanya, na gauni lenye akiba linafumuliwa, linatanuliwa, maisha yanaendelea. Pili, kitenge cha pamba kiloweke na ukianike kabla hakijakatwa. Mimi nimewahi kupoteza gauni zima kwa kufua mara moja tu. Tatu, mifuko. Mwambie aweke mifuko ubavuni, ya kutosha simu na leso. Atakuambia itaharibu mshono. Mwambie aharibu.

Nimetaja leso kwa sababu yake. Joto. Wenzangu mnalijua: umekaa zako, feni inazunguka, ghafla moto unaanzia kifuani unapanda shingoni mpaka usoni, dakika chache jasho linatiririka, halafu unabaki na baridi. La kwanza lilinikuta kwenye kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nimevaa blauzi moja ya kuteleza, nzuri kwa macho, inang'aa. Katibu akasimamisha hesabu akaniuliza kama nimepima malaria. Blauzi ilinigandia mgongoni kama mfuko wa nailoni. Tangu siku ile sinunui nguo kabla sijajua imetengenezwa na nini.

Neno la muuzaji lisikutoshe. Pale Kariakoo kila kitambaa ni "pamba asilimia mia, mama". Mimi naomba uzi mmoja uliochomoza ukingoni, natoka nao nje, nauwasha kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, na jivu lake ukilisugua linapukutika. Kitu cha plastiki kinayeyuka, kinajikunja, kinabaki kipunje kigumu cheusi, na harufu yake unaijua. Muuzaji mmoja wa Mtaa wa Uhuru aliniuliza, "Mama, umekuja kununua au kutuchomea duka?" Tulicheka, lakini kipunje alikiona, na bei ikashuka bila mimi kufungua mdomo. Sikununua, hata hivyo.

Na joto lenyewe usilichukulie kuwa ni la umri tu. Wengi wetu hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55, na vurugu zake zinaanza miaka kadhaa kabla. Lakini jasho na moyo kwenda mbio vinaweza pia kutoka kwenye tezi ya shingo au kitu kingine, kwa hiyo kamuone daktari na umwombe akupime presha na sukari ukiwa hukohuko. Madaktari wanahesabu kwamba umekoma ukitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako. Ukishavuka hapo halafu ukaona damu, hata tone, usiseme "zimerudi". Nenda hospitali wiki hiyohiyo. Jirani anayekupa majani ya kuchemsha mshukuru, halafu nenda.

Baada ya mkasa wa zipu nilikimbilia kwenye madera. Karibu mwaka mzima. Dera la kupikia, dera la sokoni, dera la msibani, na jipya kidogo la kwenda kumuona mgonjwa. Sina ugomvi na dera, ni vazi la heshima na upepo unapita, mradi lisiwe la ule utelezi nilioutaja. Shida ni kwamba mimi nilikuwa najificha humo. Binti yangu aliporudi likizo kutoka chuo alinitazama siku tatu, ya nne akasema, "Mama, siku hizi una nguo moja yenye rangi kumi." Nikamfokea. Usiku nikafungua kabati.

Nusu ya kabati ilikuwa ya mtu mwingine. Suti ya kijani niliyonunua mitumba ya Karume wakati mwanangu wa pili ananyonya. Sketi ya kazini ya kiuno kile cha 29. Gauni la kitenge la mkia wa samaki, ambalo hata wakati linanitosha nilikuwa natembea kama nimefungwa kamba magotini. Vyote nilikuwa nikiviwekea neno moja: nikipungua.

Mama mkwe alikuwa kwetu wiki hiyo, ametoka Tanga kwa ajili ya macho. Ana miaka 78. Alinikuta nimejiwekea ile suti kifuani mbele ya kioo, akaegemea mlango anaangalia. Kiunoni amefunga khanga iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Mimi nikaisoma, na yeye akaona nimeisoma, tukaanza kucheka wote wawili mpaka baba watoto akaja kuuliza kuna nini. Halafu yule bibi akakaa kitandani akaniambia kitu nilichokuwa nakiona miaka yote bila kukitazama. "Mwanangu, mimi nilivaa doti kabla ya kuzaa, nikavaa na mimba, nikavaa naugua nimekonda, na leo navaa. Haijawahi kuniuliza nimekuwaje." Ni kweli. Khanga haina saizi. Moja unajifunga, ya pili unajitanda, mwili ukitanuka unaipunguza mkunjo. Nguo zetu za kushona ndizo zinazotudai tubaki kama tulivyokuwa.

Basi tukapanga marundo. Vya kufumuliwa na kutanuliwa, vitatu tu vilifaa. Vya kumpa binti na binamu zake. Vya kutoa. Suti ya kijani alipewa mdogo wangu wa Morogoro, kiuno anacho. Gauni la mkia wa samaki nilimwambia fundi alikate kuanzia magotini, akatoa sketi fupi ya binti na vitambaa viwili vya kichwa. Nilibaki na nguo kumi na nne, zote zinanitosha Jumatatu asubuhi nikiwa nimeshiba. Hicho ndicho kipimo ninachotumia: nimeshiba, nimekaa kwenye daladala, na sihitaji kushika kitufe.

Sare za shughuli nazo zilikuwa zinanila hela. Kicheni pati, sendofu, harusi, arobaini, kila moja na kitenge chake, na picha ya mshono inatumwa kwenye simu: wote tushone hivi. Mshono wenyewe amechagua dada wa miaka 27, mabega wazi. Sasa hivi nachangia, nanunua kitambaa chao, lakini mshono nachagua mwenyewe. Rangi yao, mshono wangu. Mara ya kwanza nilinuniwa. Mara ya pili mama mwenzangu mmoja alinivuta pembeni kuomba picha ya gauni langu, naye akapeleka kwa fundi wake. Na kama mwezi una shughuli tatu, mbili navaa sare ya zamani na kilemba kipya. Ada ya kidato cha tatu haisubiri mshono.

Viatu niwe mfupi: mchuchumio nimeacha mmoja, wa kisigino kinene, na makobazi ya ngozi nabeba kwenye mkoba. Ukumbini naingia na kisigino, keki ikikatwa nabadilisha chini ya meza.

Nywele zina hadithi ndefu zaidi, na hii nataka uisikilize. Mvi zangu zilianzia mbele, juu kidogo ya paji. Miaka minne nilikuwa napaka piko kila wiki ya tatu, na kila mara ngozi ilikuwa ikiwasha kidogo. Nikapuuza. Siku mbili kabla ya harusi moja ya ukoo nikapaka saluni, usiku nikaamka macho yamevimba hayafunguki, paji limejaa maji, masikio yamekuwa kama maandazi. Daktari alinieleza kwamba dawa inayotia ule weusi, kwa kifupi inaitwa PPD, ndiyo inayochokoza ngozi, na ngozi ikishaikataa haitaipokea tena. Kila ukirudia inazidi. Kwa hiyo kama piko inakuwasha, usingoje mpaka uvimbe. Na usidanganyike na kitu kinachoitwa "hina nyeusi". Hina ya majani inatoa rangi ya kutu, nyekundu ikielekea kahawia. Ukiona nyeusi tii, na imeshika kwa dakika chache, kuna kitu kimechanganywa.

Nilijaribu hina ya kweli, mvi zikawa za machungwa, mwanangu wa kiume akaniita simba. Nikaacha zote. Sasa nasuka twende kilioni zangu za kawaida, zisizovutwa sana maana nywele za pembeni nazo zimepungua, na mvi zinakaa kwenye mistari. Baba watoto siku ya kwanza alinyamaza. Ya pili akaniuliza kama nina shida ya hela ya saluni. Nikamkumbusha kwamba yeye ana mvi tangu 2016 na hakuna aliyemchangia. Hajauliza tena, na nadhani ameshazizoea. Mimi mwenyewe kuna asubuhi sijazizoea, nazifunika kwa kilemba naendelea na kazi.

Miezi miwili iliyopita nilirudi kwa fundi na kitenge cha bluu chenye maua ya manjano, kimeshalowekwa na kupigwa pasi. Gauni la kushuka, shingo ya boti, mikono mpaka kwenye kiwiko, kiuno kimelegezwa, akiba ya vidole viwili kila ubavu, mifuko miwili. Alifungua daftari ukurasa mpya akaniandika upya kuanzia juu. Nilipolivaa nyumbani nilipitisha mikono mifukoni nikazunguka sebuleni, mama mkwe akapiga kigelegele kimoja kwenye simu ya video.

Binti aliniuliza kama anaweza kulijaribu. Nikamwambia litampwaya. Akafunga mkanda kiunoni, akatia simu mfukoni, akajitazama kioo cha mbele na cha nyuma. Jumapili aliondoka nalo kwenda chuo, eti la siku moja tu, la kuwasilisha kazi mbele ya darasa. Leo wiki ya tatu. Nimeshampigia mara mbili, kila nikiuliza ananiambia liko kwenye maji.