Picha ya akili au picha ya ubongo?

SWALI: Katika makala ya sayansi niliandika, "Madaktari walipiga picha za akili za wagonjwa kumi." Mhariri akabadilisha ikawa "bongo za wagonjwa kumi". Kwangu mimi "bongo" ni neno la mitaani. Nani kakosea?

JIBU: Mhariri yuko sahihi mara mbili, ingawa najua hukutaka kusikia hivyo.

Tuanze na akili. Ubongo ni kiungo. Kwa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, unashikika, huvuja damu, hupigwa picha. Akili ni uwezo wa kufikiri na kuelewa, nao hauna sura ya kupigwa picha. Hata ile mashine ya sumaku inayoonyesha sehemu za ubongo "zikiwaka" mtu anapohesabu, inachofuatilia ni damu yenye oksijeni. Nyaya zinazobandikwa kichwani, mbinu ambayo Hans Berger wa Ujerumani aliitangaza mwaka 1929, hunasa umeme wa ubongo tu.

Tofauti hii si ya wanasarufi wenye muda wa kupoteza. Mwaka 1861, Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Kwa miaka mingi mtu huyu alikuwa hatamki ila "tan", lakini aliyoambiwa aliyaelewa kwa sehemu kubwa. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta umeharibika mbele, upande wa kushoto. Sasa isimulie habari hiyo kwa kusema "akili zake ziliharibika". Umemsingizia marehemu! Kilichoharibika ni ubongo, na kilichopotea ni usemi.

Ndiyo maana kiharusi na uvimbe wa kichwani tunaviita magonjwa ya ubongo, na "ugonjwa wa akili" tumeuwekea maana yake. Na ukimwambia mtu akapimwe akili, usitarajie akushukuru. Mwambie akapimwe ubongo, atauliza wapi.

Kuhusu "bongo": ni wingi halali wa ubongo, ngeli ya U-ZI, sawa na ukuta na kuta, ufunguo na funguo. Ubongo huu, bongo hizi. Nadhani "chemsha bongo" ndiyo iliyolipa neno hili sura ya mzaha. Likikukera, andika "ubongo wa wagonjwa kumi", sitakupinga. "Maubongo" nitakupinga.

Na kwa kuwa unaandika sayansi, jihadhari na serebelamu, ile sehemu inayosawazisha mwendo na mizani ya mwili. Wengi huiita "ubongo mdogo", na mimi nalipenda jina hilo. Ila mara ya kwanza andika "ubongo mdogo ulio kisogoni", la sivyo msomaji atadhani unamtukana mgonjwa.